Kabla ya Kushika Spana, Sikiliza

Wanangu mnaofungua boneti kule Daraja Mbili, Suneka, Keroka, Kebirigo na Ikonge, maneno haya nimeshayasema mara nyingi mpaka sauti inanikauka. Nitayasema tena, maana bado nikipita gereji nakuta mambo ni yale yale: gari limekataa kuwaka, watu watano wameliinamia, kila mmoja ana lake, na mwenye gari amesimama kando akiangalia salio la M-Pesa. Wa kwanza anasema ni betri. Betri inanunuliwa, gari haliwaki. Wa pili anasema basi ni stata. Stata inanunuliwa, gari haliwaki. Wa tatu anataja pampu ya mafuta. Jua likizama mtu ameshanunua spea tatu na gari lingali pale pale. Huko ni kubahatisha kwa pesa za mwenzako, na nimechoka kuona watu wakikuita ufundi.

Kwetu huku gari kukataa kuwaka si jambo dogo. Toyota ilipotoa Probox mwaka 2002 ilikusudia gari la kazi, la kubebea mizigo midogo ya biashara huko Japani. Sisi wa Gusii tukalifanya matatu, gari la ndizi, gari la harusi na ambulensi. Mama akishikwa na uchungu usiku kule Borabu au Manga, mara nyingi anayepigiwa simu ni kijana wa Probox, amkimbize Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Kijana huyo akipindua ufunguo asikie kimya, na jana yake wewe ulimwambia gari ni zima, basi jambo hilo linakuhusu hata kama umelala kwako.

Kwa hiyo anzeni na kuuliza. Kuuliza si ujinga. Gari lilizimika likiwa barabarani au lililala likiwa zima likaamka limekataa? Lilioshwa jana? Lilinyeshewa? Kuna mtu alifunga redio mpya, taa za urembo au alamu? Limeegeshwa karibu na ghala la mahindi? Msicheke hilo la mwisho, kwa sababu panya wa ghala hupenda joto la injini na meno yao hayachagui waya. Nusu ya kazi mwenye gari anayo mdomoni, lakini hataitoa kama umeshashika spana na huna muda naye.

Kuna swali moja ambalo vijana wengi hawaliulizi, na wanaoliuliza huliuliza vibaya. Magari mengi mnayotengeneza hayajamalizwa kulipiwa. Mkopeshaji hufunga traka, na traka nyingine huunganishwa na waya wa stata au wa pampu ya mafuta, ili malipo yakichelewa gari lizimwe kutoka mbali. Dereva wa gari la namna hiyo akikujia, pengine anashuku kilichompata, lakini hawezi kutamka mbele ya makondakta na abiria aliowashusha. Atakuambia tu, “Fundi, hata sielewi limekuwaje.” Wewe utafungua stata uikute nzima, utafungua pampu uikute nzima, na kila unachofungua kinampandishia gharama mtu ambaye tayari ameshindwa kulipa. Mwite kando, mwanangu. Muulize kwa sauti ya chini kama gari lina traka au swichi ya siri, na kama malipo yako sawa. Akikwambia ukweli, mfichie. Na akikuomba uing'oe hiyo traka, kataa kwa heshima, mwambie akaongee na aliyemkopesha, maana hilo si la spana. Utakuwa umemwokolea pesa na uso wake, na atarudi kwako maisha yake yote.

Ukishauliza, pindua ufunguo, kisha nyamaza na usikilize. Zamani Land Rover zilikuwa na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Gari likikataa kwa stata lakini likakubali kwa hendeli, ulijua papo hapo kwamba injini haina neno, kosa liko kwenye betri, stata au nyaya zao. Hendeli zilikwisha, lakini swali lake bado ndilo la kwanza: injini inazunguka bila kushika, au haizunguki kabisa? Hayo ni magonjwa mawili yasiyokuwa na undugu. Anayenunua plagi wakati injini haizunguki, au betri wakati injini inazunguka kwa nguvu zake zote, hajasikiliza.

Tuchukue ile isiyozunguka. Washa taa kubwa, halafu mwambie mwenzako apige stata wewe ukizitazama. Zikififia au kuzima kabisa, betri haina nguvu au umeme unazuiwa mahali penye kiungo kibovu. Zikibaki kali huku stata imenyamaza, betri iache kwanza, tafuta kwa nini umeme haufiki kwenye stata au kwa nini stata haiupokei. Kama gari ni la gia za kujiendesha, toa P uweke N ujaribu tena. Swichi ya gia ikichakaa, gari hukataa kwenye P na kukubali kwenye N, na nimeona stata nzuri zikishushwa kwa sababu hakuna aliyesogeza gia. Ukisikia “ta!” moja nzito na stata isizunguke wakati betri ina nguvu, mara nyingi ni zile kontakti za shaba ndani ya stata zimelika. Hubadilishwa zenyewe kwa bei ndogo, stata nzima haina haja ya kutupwa.

Betri ipimeni, msiipapase. Betri ya gari iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12 imekaribia kwisha. Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Isipopanda, altaneta haichaji, na betri mpya utakayomuuzia mtu itakufa baada ya siku chache kama ile ya kwanza. Kumbukeni pia tunakoishi. Kisii mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upande wa Nyamira mwinuko unazidi. Alfajiri ya baridi, oili huwa nzito na betri hupungukiwa nguvu, kwa hiyo betri iliyokuwa ikijikongoja mchana hulala kabisa asubuhi. Dereva atakuapia kwamba jana jioni ilikuwa nzuri, na atakuwa anasema kweli.

Halafu tazameni vichwa vya betri. Ule unga mweupe wenye rangi ya kijani au buluu ni kizuizi. Shika kichwa cha waya kwa vidole ukizungushe. Kikicheza, umeshapata pa kuanzia, chukua spana namba 10 ukikaze kabla ya kutaja spea yoyote. Penye unga, kimwagie maji moto, ukisugue, ukikaushe, ukipake grisi kidogo juu.

Niliwahi kuletewa Probox ya mama mmoja mkulima wa chai kutoka upande wa Nyamira. Alikuwa ameshanunulishwa betri mpya na stata ya mtumba, na gari lilikuwa bado linasema “ta!” na kunyamaza. Waya mweusi unaotoka hasi ya betri kwenda gia boksi ulionekana mzima. Niliweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, nikamwambia apige stata. Mita ikapita volti 2, wakati haitakiwi kuzidi nusu volti. Tuliinama chini tukafungua bolti ya ule waya. Ilikuwa na kutu iliyochanganyika na tope kavu jekundu. Tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga, gari likawaka mara moja. Vijana wakashangilia. Yule mama hakushangilia. Alikaa pale kwenye jiwe akaniuliza ile betri na ile stata ni nani atakayemrudishia pesa zake, na karo za watoto zilikuwa zinakaribia. Sikuwa na la kumjibu. Ndiyo maana nawasumbua.

Sasa ile inayozunguka bila kushika. Injini ya petroli hudai mafuta, moto na hewa, na kila kimoja kije kwa wakati wake. Anza na mafuta, na usiamini geji. Gari lililoegeshwa kwenye mteremko wetu huu likiwa na mafuta kidogo, mafuta hukimbilia upande mmoja wa tangi na pampu ikavuta hewa. Mimina lita mbili kwanza. Ulizeni pia mafuta yalinunuliwa wapi. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli na petroli. Tamaa haikwishia hapo, na petroli ya vibuyu vya kando ya njia huja na maji na uchafu mwingine. Kama gari lilikataa muda mfupi baada ya kutiwa mafuta, toa kidogo kwenye chupa safi, uyaache yatulie, uyatazame.

Moto nao ufikirie kabla ya kununua. Kwenye injini hizi za Probox kila plagi ina koili yake. Koili moja ikifa, injini huwaka ikitetemeka, haikatai kabisa. Ukikuta zote nne hazina moto, usinunue koili nne. Tafuta kinachozinyima zote kwa pamoja: fyuzi, rilei, waya, au sensa ya krenki. Ndipo mashine ya kompyuta inapofaa, na ndipo inapowapotosha wengi. Itakuandikia P0335, na kijana atakimbilia duka kununua sensa. Namba hiyo inazungumzia njia nzima ya umeme ya sensa ya krenki, pamoja na waya na soketi yake. Haijasema sensa imekufa. Sensa yenyewe iko chini, karibu na puli ya mbele, pale ambapo maji na tope la barabara hurukia. Chomoa soketi, itazame, ikaushe, fuata waya kwa kidole mpaka mwisho. Mashine imekuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe.

Kuna mambo matatu yanayonikosesha usingizi, na hapa siwabembelezi. La kwanza, acheni kumimina petroli kwenye mdomo wa hewa ili gari “lishtuke.” Injini ikirudisha moto, utaungua uso, na gari litakuteketea mikononi. La pili, kusukuma gari kwenye milima hii. La gia za kujiendesha halitawaka kwa kusukumwa hata mkilisukuma hadi Sotik, maana pampu ya oili ya gia yake huzungushwa na injini hiyo hiyo iliyolala. Na gari lolote linaloteremka injini ikiwa imezima, breki zake huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, stelingi huwa nzito, na ukichomoa ufunguo stelingi hujifunga. Mmesukuma watu, si chuma. La tatu ni nyaya za kuazima umeme. Nyekundu anza na chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima. Nyeusi anza na hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho uiweke kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayolipuka, na cheche ya mwisho haitakiwi kuruka karibu nayo.

Nikija kwa malipo, najua mnavyosema. Mnasema mteja halipii kufikiri, hulipia kifaa anachokiona, kwa hiyo mkimwambia tatizo ni bolti moja atawapa shilingi mia na kuwashukuru. Ni kweli, na nyinyi wateja mnaosikia haya mna lawama yenu. Kijana akitumia saa mbili kutafuta kosa na kulimaliza kwa msasa, amewaokolea maelfu, mlipeni kama aliyefanya kazi. Lakini nanyi, wanangu, pataneni na mtu bei ya kutafuta kosa kabla ya kuinua boneti. Mwonyeshe mita inasoma nini. Kila kifaa unachobadilisha, mpe cha zamani mkononi aende nacho, hata kama kimechafuka kwa grisi. Kama hujajua bado, sema bado hujajua, umpe namba ya fundi wa umeme unayemwamini.

Wengi wenu mmepita Kisii National Polytechnic na vyeti mnavyo, hayo ya volti si mageni kwenu. Mita ya kawaida haifiki bei ya betri moja. Changeni, mnunue moja ya gereji nzima, na muibadilishie betri yake ndogo kabla haijaanza kudanganya. Kesho asubuhi nitapita Keroka. Lile Probox jeupe lililolala pale tangu Jumatatu, msilinunulie chochote kabla sijafika.