Breki Isiyolalamika

Mjukuu wangu hupakia abiria kwa pikipiki kati ya stendi ya Nyegezi na Buhongwa. Breki ya nyuma ya pikipiki yake ni ya shuu: ukikanyaga pedali, fito huvuta mkono mdogo ulio kando ya gurudumu, mkono hugeuza kipini, nacho huzitanua shuu mbili zikabana ngoma kwa ndani. Ni mtambo mwepesi kueleweka, na hapo ndipo ilipo hatari yake, maana hata mwalimu mstaafu huthubutu kujiita fundi.

Mwaka juzi breki ile ilianza kulia kama mbuzi aliyefungwa vibaya. Nikamwambia ailete, tusimpe fundi hela ya bure. Tulifungua gurudumu uani. Shuu zilikuwa bado nene, ila kipini kilikuwa kimekauka na kushika kutu. Kilihitaji kusuguliwa kwa msasa na kutiwa grisi kidogo mno, kiasi cha ncha ya kidole. Mimi nilipaka kama apakaye mkate siagi. Tukafunga, kelele ikakoma, nikajisifu.

Siku ya tatu akasema, "Babu, naona haishiki vizuri."

"Mbona hailii tena?" nikamjibu. "Kaza nati."

Akakaza. Sasa, nati ile iliyo mwisho wa fito kazi yake ni kupunguza ulegevu wa pedali, ibaki ikicheza kama sentimita 2 hadi 3 kabla breki haijashika. Shuu zilizolowa grisi haiwezi kuzitibu. Jioni ile, mteremkoni, breki ya nyuma ilikataa na ya mbele haikutosha. Kijana akaitupa pikipiki mtaroni, na mama aliyempakia akachunika goti.

Kesho yake mama yule alikuja nyumbani akichechemea. Mjukuu akasimama mbele yake: "Nisamehe mama, ni uzembe wangu, sikukagua." Nami nilikuwa nimeketi palepale kibarazani, nikanyamaza.

Wapo watakaosema kwamba kosa la nia njema si kosa, na kuhusu grisi nakubaliana nao kwa kiasi fulani. Lakini kijana alipolalamika nilimpima kwa ukimya wa breki. Si mara ya kwanza. Nikiwa mkuu wa shule niliwahi kuandika katika taarifa kwamba wanafunzi wametulia, ilhali nilikuwa nimewakataza tu kuzungumzia chakula. Na pale kibarazani hapakuwa na haraka wala giza la kunisingizia. Mjukuu alinisitiri kwa adabu, kwa kuwa kijana aliyelelewa hamwumbui babu yake mbele ya mgeni. Je, mzee anayo haki ya kuipokea heshima ya namna hiyo, inapolipiwa na jina jema la mtoto? Wateja wake ndio chakula chake.

Tulipofungua tena, shuu zilikuwa zinang'aa kwa mafuta. Tukaziangalia sote wawili, hakuna aliyesema neno. Tukaiosha ngoma kwa sabuni na maji ya moto, tukanunua shuu mpya.

Wiki ya pili nilimwendea yule mama na kilo mbili za sukari, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe, mzee wangu," akasema. "Na yule kijana, umemwomba radhi?"

Nilikuwa bado.