Sharti la Majirani na Israfu ya Maji

Baadhi ya ndugu zetu waliohamia katika mitaa mipya, ile yenye lango moja na kamati moja, wametuuliza suala hili: Mtu akinunua nyumba na kutia sahihi masharti ya kamati, na miongoni mwake pakawa na amri kwamba bustani ya mbele iwe kijani mwaka mzima, je, itampasa kuitimiza hata katika joto la kaskazi, wakati mifereji imekauka na jirani wa nje ya ukuta anunua maji kwa dumu?

Suala hili laonekana dogo, wala si dogo. Ndani yake mna mambo mawili yanayogombana: kutimiza ahadi, ambako ni wajibu, na kufanya israfu, ambako kumekatazwa.

Kwanza na tutazame waliotutangulia katika jambo hili. Huko Marekani mamilioni ya watu hukaa katika mitaa inayoendeshwa na jumuiya za wenye nyumba, na desturi yao ni kutandika zulia la nyasi mbele ya kila mlango. Desturi hiyo asili yake ni Uingereza, nchi ya mvua. Nao wakaichukua mpaka Las Vegas, mji wa jangwani upatao mvua ya kiasi cha inchi 4 tu kwa mwaka, na ambao karibu maji yake yote hutoka katika mto Colorado. Katika dola ya California jumuiya hizo ziliweza kumtoza faini mwenye nyumba aliyeacha nyasi zake zikauke. Ukame ulipozidi, mwaka 2014, ilibidi itungwe sheria ya kukataza faini hizo wakati wa ukame uliotangazwa. Tazameni ajabu hii: serikali kutunga sheria ili mtu asiadhibiwe na jirani zake kwa kosa la kuhifadhi maji!

Dola ya Nevada ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2021 iliweka mwisho wa mwaka 2026 kuwa kikomo cha kumwagilia kwa maji ya Colorado nyasi za pambo tu, kama zile za kandokando ya njia na za viwanja vya pamoja vya mitaa hiyo. Nyasi wanazochezea watoto ziliachwa. Na mamlaka ya maji ya huko huwalipa watu wang'oe nyasi na kupanda mimea ya jangwani, kwani imeonekana kwamba kila futi moja ya mraba huokoa kiasi cha galoni 55 kwa mwaka.

Wako watakaosema: "Maji nimeyalipia, nani wa kuniuliza?" Twawajibu: ulicholipia ni bomba na mashine ya kuyavuta; kiu ya mwenzio hukuinunua. Maji ya Mombasa hayazaliwi Mombasa. Hutoka Mzima, hutoka Marere, hutoka Baricho, nasi sote twanywa katika fungu moja. Kinachomwagwa juu ya nyasi zisizokanyagwa na mtu kimepunguzwa katika mtungi wa mwingine. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza Saad israfu katika udhu, ijapokuwa yuko penye mto upitao. Ikiwa ibada haikuruhusiwa israfu, pambo litaruhusiwa kwa hoja gani?

Wala hatusemi watu wakae katika vumbi. Uzuri haukuharamishwa. Lakini iko bustani inayopatana na nchi yetu: mkilifi wa kivuli, mhina, mshubiri, na asumini mmoja karibu ya mlango. Mimea hii imwagiliwe alfajiri kabla ya jua kupanda, shinani wala si majanini, kwa wingi mara chache kuliko kidogo kidogo kila siku, ili mizizi ishuke chini. Udongo ufunikwe kwa makumbi au majani makavu usikaushwe na jua. Na maji ya kuoshea mchele yasimwagwe bure. Mama zetu hawakuyamwaga bure.

Ama sharti lile, twaona hivi. Waislamu hufungwa na masharti yao, isipokuwa sharti lihalalishalo haramu. Basi mwenye nyumba asilivunje kwa siri, maana hiyo ni khiana. Na ahudhurie mkutano wa kamati, aeleze hoja yake kwa adabu, atake libadilishwe. Wakikataa, na shida ya maji ipo, asitii katika israfu. Lakini katika usafi, ada na haki nyingine za ujirani azidi kuwa mtimilifu, ili ijulikane kwamba hakukimbia gharama.

Na kabla ya kuwanyooshea kidole wenye bustani, na tujitazame. Ni wangapi kati yetu wafunguao mfereji wa msikiti, wakazungumza na mwenzao huku maji yakienda, kisha wakaingia kuswali? Nyasi za tajiri ziko nyuma ya ukuta, huenda tusizifikie. Mfereji ule uko mkononi mwetu. Na tuanze na huo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.