Asiye na Mtu wa Kumpeleka



Mtakatifu Yohane atusimulia habari za mtu aliyelala kando ya birika la Yeruzalemu, karibu na Mlango wa Kondoo, naye alikuwa mgonjwa miaka 38. Dawa ilikuwapo, tena karibu naye hata kuiona kwa macho. Bwana wetu alipomwuliza kama ataka kupona, yule mtu hakuyalalamikia maji wala ugonjwa wake. Alieleza tu kwamba hakuwa na mtu wa kumtia majini, na kila alipojikokota mwingine alimtangulia. Miaka 38! Na wakati huo wote watu walikuwa wakipita karibu naye kwenda Hekaluni kusali.

Habari hiyo twaikumbuka kila tusomapo hesabu za watu wenye ulemavu katika nchi yetu. Sensa ya 2002 ilipata kwamba walikuwa asilimia 2 tu ya wananchi. Uchunguzi wa 2008 ukapata asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Sensa ya 2012 asilimia 9.3, na sensa ya 2022 asilimia 11.2, yaani karibu mtu mmoja katika kila watu tisa. Je, Watanzania wamevunjika miguu na kupofuka macho kwa wingi namna hiyo katika miaka 20? La hasha. Kilichobadilika zaidi ni swali. Hapo kwanza karani alitaja aina za ulemavu, na mzazi akajibu upesi kwamba nyumbani kwake hamna. Baadaye aliuliza kama yupo apataye shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuelewana na wenzake. Hapo ndipo wale waliofichwa chumba cha ndani walipoanza kuonekana katika karatasi. (Na lugha yetu nayo ina lawama yake: kipofu, kiziwi na kilema tumewapa mwanzo uleule wa kiti na kisu. Wenyewe wataka kuitwa watu wenye ulemavu, nao wana haki.)

Hesabu ya taifa zima ni kubwa mno kwa akili ya mtu mmoja. Basi tuchukue mahali pamoja: Kirongwe, katika kisiwa cha Mafia, upande wa kaskazini ya Kilindoni. Wakazi wengi wa kisiwa hicho ni Waislamu, Wakristo ni wachache. Lakini yule Msamaria wa Injili hakumwuliza majeruhi njiani dini yake, nasi hatutauliza. Watu wa Mafia huishi kwa minazi, mashamba na bahari. Mkwezi akiteleza kileleni mwa mnazi, aweza kuvunjika uti wa mgongo asitembee tena. Tena kisiwa hiki kimeteswa tangu zamani na matende na mabusha, magonjwa yaletwayo na minyoo midogo inayochukuliwa na mbu. Mafia ndiko mpango wa taifa wa kuyatokomeza ulikoanzia mwaka 2000, watu wakimezeshwa dawa kwa pamoja. Dawa hiyo huzuia ugonjwa usienee. Busha laweza kupasuliwa mtu akapona. Lakini mguu uliokwisha kuvimba na kuwa mgumu haurudi kama ulivyokuwa. Yafaa kuuosha kila siku kwa maji na sabuni, kuukausha vema na kuuinua, usizidi kuharibika.

Sasa mfikirie mzee mwenye mguu huo. Karani akimwuliza kama ana ulemavu, aweza kujibu kwamba yeye ni mzima, ni mguu tu. Hasemi uongo, ndivyo alivyozoea. Lakini haendi tena shambani, wala hawezi kupanda gari kwenda Kilindoni yaliko makao ya wilaya. Katika karatasi yeye ni mzima, na aliye mzima katika karatasi hakuna amtafutaye.

Wengi hutuuliza ni msaada gani ambao mtu wa namna hiyo aweza kuuomba. Tuseme kweli: Tanzania Bara haina pensheni ya kila mwenye ulemavu. Kenya ina mpango wa kuzipa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Zanzibar tangu 2016 huwalipa pensheni wazee wote waliotimiza miaka 70. Sisi twaona kwamba nchi yetu nayo yapaswa kufika hapo, na hatuoni aibu kusema hivyo mbele ya wakubwa.

Hata hivyo, yaliyopo si haba. Kwanza ulizeni: alipoumia, alikuwa akimfanyia nani kazi? Kama yule mkwezi alikuwa mwajiriwa wa mwenye shamba, ipo haki yake katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Na madai yapelekwe kabla miezi 12 haijapita tangu ajali. Watu wengi hupoteza haki hii kwa kungoja mguu upone kwanza. Kama alikuwa mwanachama wa NSSF akichanga, ipo pensheni ya ulemavu kwa aliyepoteza theluthi mbili za uwezo wake wa kujipatia riziki, madaktari wakithibitisha. Wengi wa Kirongwe, wavuvi na wakulima wa kujitegemea, hawamo katika mifuko hiyo. Kwao uko mlango mwingine: mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambao awamu yake iliyoanza 2020 iliweka ruzuku ya pekee kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu. Tena tangu 2018 sheria yaiagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024. Huo si sadaka, ni deni. Asiuombe asiyejua atauza nini.

Lakini angalieni jinsi milango hiyo ilivyowekwa. Katika mpango wa TASAF, majina ya maskini yalitajwa kwanza katika mkutano wa kijiji. Fidia yadai fomu ya daktari. Kila mahali huulizwa kitambulisho cha taifa, na jina liwe limeandikwa namna moja kotekote. Asiyeweza kutembea atafikaje mkutanoni? Asiyesikia atajuaje kwamba jina lake limeitwa? Ndilo lile birika la Yeruzalemu: maji yapo, na wenye miguu hutangulia.

Wako wazazi wamfichao mtoto kwa aibu, wakidhani jirani atasema ni adhabu ya Mungu. Wanafunzi wa Bwana wetu nao walidhani hivyo walipomwona aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yezu Kristu alikataa yote mawili. Basi ninyi baba na mama, mnaogopa hukumu ambayo Mungu mwenyewe hakuitoa. Na kumbe mtoto ndiye aitumikiaye.

Nasi mapadre tusijitoe lawamani. Katika vitabu vya parokia twaandika ubatizo, ndoa na mazishi. Twajua vema ni nani hakutoa zaka mwaka huu; nani hakuletwa kanisani kwa kukosa wa kumbeba, hatuna kitabu cha kumwandika. Twaona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyo.

Bwana wetu mwenyewe alizaliwa katika safari ya kwenda kuandikishwa. Kaisari alitaka hesabu yake, na Yosefu akaenda na Maria mjamzito mpaka Betlehemu, majina yao yaandikwe. Hakumwacha nyuma kwa kuwa safari ilikuwa ngumu.

Basi twawaomba wakuu wa jumuiya, kabla ya mkutano wa kijiji ujao, wapite nyumba kwa nyumba, bila kuuliza dini, na swali lisiwe kama kuna mlemavu. Waulize ni nani humu ndani apataye shida kuona, kusikia au kutembea, ana kitambulisho au hana, na nani atampeleka. Akikosekana wa kumpeleka, waandike jina lao wenyewe mahali hapo. Baiskeli ya parokia Jumatatu haina kazi.