Huyu Ni Mtoto wa Nani?

Kitendawili! Nyumba yangu ina nguzo moja. Watoto wa kwetu Mufindi hawangoji hata umalize, wanapaza sauti: "Uyoga!" Sawa, wamekitegua. Lakini mimi leo nina swali la pili, wapendwa, ambalo kwenye vitendawili halimo: ndani ya nyumba hiyo anakaa nani?

Mvua zimeshika. Ndoo za uyoga zimeanza kupangwa kando ya barabara, na kila mwenye miguu anawaza msitu. Kabla hujafunga kitenge kiunoni, keti kidogo tufungue Wafalme wa Pili, sura ya 4, kuanzia mstari wa 38. Njaa imeingia Gilgali. Elisha anaagiza chungu kikubwa kibandikwe kwa ajili ya wanafunzi wa manabii. Mmoja wao anakwenda kutafuta mboga kondeni, anakuta mmea wa porini umetambaa, anajaza nguo yake matango-mwitu, anarudi nayo, anayakatakata chunguni. Wenzake wanaonja tu, wanapiga kelele kwamba humo mna kifo.

Huyo kijana hakuwa mchawi. Hakuwa na kinyongo na mtu. Ndugu zake walikuwa na njaa, akaenda mbio, akarudi amejaza. Kosa lake limetajwa kwa maneno yasiyofika matano: hawakuyajua yale matango. Basi! Kutokujua, na nguo iliyojaa. Wahubiri tunapenda kukimbilia ule unga aliotia Elisha, chungu kikapona. Mimi unga huo leo siuhubiri. Elisha hayumo jikoni mwako.

Kijana yule nimewahi kuwa mimi. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni, najiona msomi, nikapita kwenye misonobari nyuma ya kijiji. Nikakuta uyoga mweupe, mnono, umejipanga kama watoto wa kipaimara. Nikavua shati, nikalijaza. Mama hakuwepo nyumbani. Nikabandika mwenyewe, nikakaanga na kitunguu, na harufu iliyotoka hapo, jamani, ingemfufua mgonjwa! Mama akaingia, akafunua sufuria, akachota mmoja kwa mwiko na kuugeuza juu chini.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nakuuliza. Kwao ni wapi? Umemkuta anakaa na nani? Na mguu wake uko wapi?"

Mguu nilikuwa nimeukata kwa kisu, usawa wa ardhi, nisibebe udongo. Mama akanyanyua sufuria na kwenda nayo nyuma ya choo, akachimba shimo kwa jembe, akamwaga, akafukia. Kuku walikuja mbio. Akawafukuza kwa mawe.

Binti yako akiletewa mchumba, unatuma wazee wakaulize ukoo hadi babu wa tatu. Ila mgeni anayekwenda kulala kwenye ini lako unamfungulia mlango kwa sababu kofia yake inapendeza!

Sikilizeni habari ya mguu. Uyoga wa kichuguu, ule ambao mchwa wenyewe wanaulima chini kwa chini, ukiuchimbua kwa vidole utakuta shina linaendelea kushuka kama mzizi mrefu, likielekea nyumbani kwa mchwa. Huyo anajulikana kwao. Sasa chimbua uyoga wa ukoo uitwao Amanita. Chini ya shina, ndani kabisa ya udongo, mara nyingi utakuta ameketi kwenye kifuko cheupe, kama yai lililopasuka akatoka. Katika ukoo huo wamo wauaji wakubwa kuliko uyoga wote duniani. Ukikata kwa kisu juu ya ardhi, ushahidi umeuacha shimoni, nyumbani umepeleka sura tu.

Najua kuna mtu ameshatabasamu: nimepata kanuni, wenye kifuko nitawaacha, wengine nitakula. Hapana, ndugu yangu, usiniwekee maneno mdomoni. Katika misitu ya miombo kuna Amanita wenye kifuko ambao akina mama wa Zambia na Malawi wanawala kwa furaha, kwa kuwa wanawajua mmoja mmoja. Na kuna uyoga usio na kifuko unaoota hata kwenye majani ya uwanja wa kanisa, mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia kofiani. Uweke juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, na asubuhi utakuta vumbi la kijani. Huo utakutapisha hadi uite majina ya marehemu. Kanuni moja ya kupima uyoga wote haipo!

Kwa hiyo nakemea manabii wa uongo wa jikoni. Wanasema tia kitunguu, kikibadilika rangi una sumu. Uongo. Wanasema chemsha na sarafu, chemsha na mchele. Uongo mtupu. Wanasema konokono wametafuna, kwa hiyo ni salama. Konokono wanakula uyoga unaoua watu na wanaendelea na safari yao. Eti wenye sumu ni mchungu: waliokula ule Amanita mbaya kuliko wote wakanusurika husimulia kwamba ulikuwa mtamu. Kukausha hakuondoi sumu hiyo, kuchemsha hakuondoi, na kuombea chakula, nasema haya nikiwa na Biblia mkononi, hakuna mahali tulipoahidiwa kwamba kunachukua nafasi ya kuuliza.

Sumu yenyewe ina subira ya kutisha. Unakula saa moja usiku, unalala salama. Baada ya saa sita, kumi na mbili au zaidi, ndipo tumbo linachafuka: kutapika na kuhara kusikokoma. Siku ya pili au ya tatu unapata nafuu. Unakaa, unaomba uji, majirani wanashukuru. Hapo ndipo ini linapokufa. Sumu imeingia kwenye seli zake na kuzizuia kutengeneza protini zinazoishi kwazo. Ini likiitoa kwa njia ya nyongo, utumbo unaifyonza na kuirudisha palepale. Kisha macho yanakuwa ya njano. Kofia moja yatosha mtu mzima. Kwa hiyo ukitapika kutwa baada ya kula uyoga, ukaamka vizuri, usitoe ushuhuda. Nenda hospitali! Usipoteze saa kwa maziwa wala mkaa wa jikoni. Chukua mabaki ya mboga, maganda, hata matapishi kwenye mfuko, uwaonyeshe. Na wote waliokula sufuria moja waende pamoja, hata asiyeumwa.

Ninyi mliohama, neno hili ni lenu zaidi. Mwaka 2021 familia iliyookolewa kutoka Kabul ilipelekwa kwenye kituo cha wakimbizi karibu na Warsaw, Poland. Walichuma uyoga msituni, wakapika supu. Watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka 5 na mwingine 6, walikufa; mkubwa alipandikizwa hadi ini jingine, lakini hakupona. Walikuwa wametoroka vita. Mama wa Lubumbashi uliyeko leo Ulaya au Marekani, uyoga wa Katanga unaujua kuliko maprofesa, sikatai. Uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa, wenye kofia inayofika mita moja, wataalamu waliupa jina la kisayansi mwaka 1980 kutoka Zambia, wakati akina mama wa huko walikuwa wameshaupika tangu enzi za bibi zao. Lakini ujuzi huo ni wa msitu ule. Hata hapa kwetu, misonobari ililetwa kutoka ng'ambo, na uyoga wake ukaja nayo. Bibi zetu hawakuachiwa jina lake.

Ndiyo maana mama hakuujua uyoga wangu, na hakuona haya kutoujua. Usiku ule tulikula ugali kwa chumvi. Nilinuna. Alinitazama kila baada ya tonge, kisha akasema, "Umeonja." Nikakana. Akanishika kidevu, akanionyesha mafuta pembeni mwa mdomo. Hakulala. Alikaa na kibatari mlangoni kwangu, kila mara akiniuliza kama tumbo linauma, na asubuhi, nilipomwambia niko salama aende akapumzike, akasema bado. Alikaa hadi jioni ya siku ya tatu.

Tumbo halikuuma. Uyoga ule, hadi leo, sijui ulikuwa mtoto wa nani.