Je, Kusahau ni Dhambi?



Mimi ni msahaulifu, na wengi wenu mnajua. Ninyi mnaoketi karibu nami kanisani mmekwisha kunirudishia mwavuli mara nyingi. Siku moja nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka sokoni, kumbe nilikuwa nimekwenda kwa baiskeli. Na nilipokuwa nikifundisha, wanafunzi walijua kwamba miwani ya Mwalimu ikipotea, itafutwe kwanza kichwani pake. Mambo hayo yachekesha, nami hucheka pamoja nanyi. Lakini leo nataka kuandika juu ya jambo lisilochekesha.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja niliyemfundisha alinijia na fomu ya kuomba nafasi ya masomo. Sehemu moja ilitakiwa ijazwe na mwalimu wake wa zamani, na siku ya mwisho ya kuipokea ilikuwa Ijumaa. Yeye alipaswa kurudi shambani kwa mama yake mgonjwa, nami Alhamisi nilikuwa na safari ya mjini. Nikamwambia, "Niachie, mwanangu, nitaifikisha mwenyewe." Nikaitia ndani ya kitabu cha nyimbo isije ikakunjika. Alhamisi nikaenda mjini, nikafanya shughuli zangu, nikarudi. Jumapili, tulipoambiwa tufungue wimbo wa kwanza, fomu ikaniangukia miguuni.

Kijana alipokuja nilimweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Si neno, Mwalimu. Najua hukukusudia." Akangoja mwaka mzima. Maneno yake hayakunifariji, bali yalinisumbua. Je, yatosha mtu kusema hakukusudia?

Kwanza na tumtetee msahaulifu. Dhambi hutaka nia, na hakuna mtu anayenuia kusahau, kwa sababu anayejua kwamba anasahau bado hajasahau. Tena akili zetu zimeumbwa hivyo. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa habari za Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alitoa kitabu juu ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza kwa moyo orodha za silabi zisizo na maana, kisha akajipima baada ya muda. Aliona kwamba zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea katika muda wa saa moja tu, na yaliyosalia yakapungua polepole siku zilizofuata. Basi, ikiwa kusahau ni maumbile ya watu wote, nani atamhukumu mwenzake?

Lakini mkumbukeni Yusufu gerezani. Alimfasiria mkuu wa wanyweshaji ndoto yake, akamwomba jambo moja tu: amtaje mbele ya Farao. Mnyweshaji akarudishwa kazini, akamsahau. Yusufu akakaa humo miaka miwili mizima. Mtu yule hakumchukia Yusufu. Alikuwa na furaha tu, na kama wasemavyo wazee, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Lakini angalieni neno moja: katika miaka ile miwili hakusahau kukipeleka kikombe kwa Farao.

Hapo ndipo niliposhikwa. Siku ile nilipokwenda mjini na kuiacha fomu nyumbani, nilikuwa nakwenda kuchukua pensheni yangu. Tangu nilipostaafu, siku ya pensheni sijaisahau hata mara moja. Basi kusahau kwangu kunachagua. Hukumbuka lililo langu, na hupoteza lililo la mwenzangu.

Kwa hiyo naona hivi. Kosa langu halikuwa siku ya Alhamisi, kwa kuwa siku hiyo kwa kweli fomu haikuwamo akilini mwangu. Kosa lilikuwa siku ile nilipoipokea. Nilijijua kuwa msahaulifu, nikaahidi kama mtu mwenye kumbukumbu njema, wala sikuandika neno lolote. Dereva anayejua kwamba breki za gari lake ni mbovu, akapakia abiria na kuteremka nalo kutoka Lushoto, hawezi kusema hakukusudia. Ni kweli hakukusudia ajali, lakini alikusudia safari.

Watu hunisifu kwa jambo jingine: ati sina kinyongo. Jirani mmoja aligombana nami juu ya mpaka wa shamba, na juma lililofuata nikamkaribisha chai kana kwamba hapakuwa na neno. Nilipojivunia moyo wangu wa kusamehe, mke wangu aliniambia, "Wewe husamehe, Baba. Unasahau tu." Nilikasirika kidogo, kisha nikaona amesema kweli. Anayesamehe ni yule anayelikumbuka kosa, na akilikumbuka bado analiachilia. Ikiwa nataka nisilaumiwe kwa kusahau ahadi, basi nisitake kusifiwa kwa kusahau ubaya. Mizani ni moja.

Hata hivyo tusidharau neema iliyomo katika kusahau. Alexander Luria, mtaalamu wa Kirusi, aliandika kitabu juu ya Solomon Shereshevsky, mtu aliyekuwa hasahau karibu lolote. Tungedhani alikuwa na heri. Kumbe alisumbuka mno, hata akajaribu kuyaandika mambo kwenye karatasi na kuzichoma moto ili yamtoke akilini, wala hayakumtoka. Mungu ametufanyia hisani kwa kuacha machungu mengi yafifie.

Basi msahaulifu afanyeje? Waswahili walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na ahadi ni deni, nalo deni ni mali ya mwenzako iliyo mikononi mwako. Siku hizi nina daftari dogo mfukoni. Wenye simu na waandike katika simu. Mtu akiniomba jambo, naliandika mbele ya macho yake, kisha namwambia bila haya, "Nikumbushe." Lakini niliyotendewa vibaya siyaandiki. Hayo na yaende zake.

Nanyi mliosahauliwa, msione aibu kukumbusha. Wala tusiwachanganye wasahaulifu kama mimi na wazee wanaopoteza kumbukumbu kwa sababu ya maradhi ya ubongo, hata wakasahau majina ya watoto wao. Hao hawana kosa, wala hawakurogwa. Wapelekwe hospitali, na sisi ndio tuwe daftari lao.

Katika maungamo ya Sala za Asubuhi, waliokitengeneza Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 walitaja kwanza mambo tuliyoyaacha, ndipo wakataja tuliyoyatenda. Zamani niliyapita maneno hayo upesi, kwa kuwa sikuwa mwizi wala mlevi. Sasa nasimama kidogo hapo pa kwanza.

Yule kijana alipata nafasi mwaka uliofuata. Fomu ya pili niliijaza akiwa ameketi mbele yangu, nikamkabidhi mkononi mwake. Tuombeane.