Kabla Hujaandikisha Kiwanja kwa Jina la Mama

Wanangu mlioko Marekani, haya nawaandikia nyinyi mnaopiga zamu mbili mkiuguza wazee wa watu, mshahara ukaingia Ijumaa na kufikia Jumatatu kadi ya mkopo imeshaumeza. Najua ilivyoanza: ada ya mdogo wako Morogoro, matanga ya baba mdogo, tiketi ya ghafla ya Desemba. Kadi ilikuwa mfukoni, na nyumbani hakuna aliyeuliza fedha zimetoka wapi.

Tupige hesabu. Deni la dola 8,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka linazaa dola 160 kwa mwezi mmoja. Ukilipa 200, deni lenyewe limepungua dola 40 tu. Tangu sheria ya mwaka 2009, benki hulazimika kuonyesha kwenye bili itakuchukua muda gani kumaliza ukilipa kile kiwango cha chini peke yake. Wengi wenu huikunja karatasi kabla ya kufika hapo. Isomeni. Na ukitoa fedha taslimu kwa kadi ili utume nyumbani, riba huanza kuhesabiwa siku ileile.

Tumelelewa tukiambiwa dawa ya deni ni kulipa, nami sibishi. Lakini waliotuambia walikopa kwa jirani, na deni la jirani halikui usiku mmelala. Kama umejibana kweli na bado huoni kumaliza ndani ya miaka mitano, anza na shirika la ushauri wa madeni lisilo la faida. Mara nyingi huweza kuziomba benki zipunguze riba, ukalipa mara moja kwa mwezi. Waepuke wanaokupigia simu wakitaka ada kwanza kabla hawajapunguza hata senti. Sheria ya shirikisho inawakataza.

Ikishindikana, kuna mahakama ya ufilisi. Chini ya Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, deni la kadi huweza kufutwa katika miezi minne hivi, ikiwa kipato chako kinakidhi kipimo cha sheria. Chini ya Sura ya 13 unalipa kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano. Siku unapofungua shauri, wadai wa kadi hutakiwa kuacha kukudai, kukupigia simu na kukukata mshahara. Matunzo ya mtoto hayafutwi, na mikopo ya masomo hufutwa kwa shida sana. Sura ya 7 inaweza kukaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka kumi. Si kitu kidogo, lakini kuna watu wamelipa kiwango cha chini kwa muda mrefu kuliko huo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo vijana wetu wanapoumia. Aibu huwafanya watende mambo yanayoonekana ya heshima, kumbe yanawafunga.

Wa kwanza hutoa akiba yake ya uzeeni ya kazini, ile 401(k), alipe kadi. Akiba hiyo kwa kawaida wadai hawaigusi hata ukifilisika. Ukiitoa kabla ya umri wa miaka 59 na nusu, mara nyingi unalipa kodi na faini ya asilimia 10 juu yake. Kisha unafilisika hivyo hivyo, na uzeeni huna kitu.

Wa pili humlipa mjomba kwanza, kwa kuwa benki haitakutana naye harusini. Malipo kwa ndugu ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua shauri yanaweza kudaiwa yarudishwe. Anayegongewa mlango ni mjomba huyohuyo uliyetaka kumstahi.

Wa tatu huhamishia kiwanja cha Kigamboni au Kitengela kwenye jina la mama, akidhani Marekani haioni huko. Fomu zinauliza mali yako yote popote ilipo duniani, na zinauliza ulichokihamisha miaka miwili iliyopita. Kufilisika si jinai, wala hakuhitaji uraia. Kuidanganya mahakama ndiyo jinai, kifungo chake hadi miaka mitano, na kwa asiye raia hukumu ya namna hiyo inaweza kumfukuzisha nchini. Kitaje kiwanja. Pengine Sura ya 13 itakuwezesha kubaki nacho, mradi wadai wasipate pungufu ya ambacho wangepata kingeuzwa. Muulize wakili wa ufilisi kabla hujagusa hati yoyote, na umwambie pia kama kuna rafiki aliyekudhamini, maana Sura ya 7 itakutoa wewe na kumwacha yeye na deni.

Mnaoogopa dhambi, someni Kumbukumbu la Torati 15 au aya ya 280 ya Al-Baqara, muone mwenye dhiki anavyotendewa. Sidhani kama benki inayotoza asilimia 24 ina haki ya kuwahubiria.

Nyumbani waambieni kabla ya kufungua shauri, kwa sababu mtapunguza mnachotuma na watajua tu. Mkishalifungua, mtaitwa kuhojiwa na msimamizi wa mufilisi, siku hizi mara nyingi kwa video. Nendeni na kitambulisho na uthibitisho wa namba ya hifadhi ya jamii. Mtahojiwa mkiwa mmeapa. Kama Kiingereza cha mahakamani kinakutatiza, omba mkalimani mapema, hutalipishwa.