Je! Amri Humwondolea Askari Dhambi Yake?



Wazee husema, Mjumbe hauawi. Neno hili ni la hekima, kwa maana aliyetumwa kupeleka habari hakuitunga habari yenyewe, na kumdhuru kwa ajili ya maneno ya mwingine ni uonevu. Lakini watu hulivuta neno hili kupita mpaka wake. Karani aandikaye hati ya uongo husema, Nimetumwa. Askari ampigaye mtu asiye na kosa husema, Nimetumwa. Hivyo mzigo wa dhambi hupandishwa ngazi kutoka kwa mdogo hata kwa mkubwa, na kila aliye katika ngazi ile hujiona kuwa mikono yake ni safi. Basi yatupasa kuuliza: Je! amri ya mkubwa humwondolea mtumishi dhambi yake? Swali hili lawahusu askari kuliko watu wengine, kwa sababu wao wameapa kutii, na kazi yao ni ya damu.

Na tulitafakari swali hili kwa kuyatazama maisha ya askari mmoja aliyeuawa katika Vita Kuu ya Pili. Jina lake ni Anton Schmid. Alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1900. Mwaka 1918, vita ya kwanza ilipokuwa karibu kwisha, alichukuliwa jeshini akaona mapigano upande wa Italia. Baadaye alirudi kwao, akafanya kazi ya umeme, akaoa, akapata binti mmoja, akafungua duka dogo la redio. Hakuwa mtu wa vitabu wala wa siasa. Mwaka 1938 Wadachi waliitwaa Austria, na vita ya pili ilipokuja, yeye naye akavikwa sare ya jeshi la Hitler. Kwa kuwa hakuwa kijana tena, hakuwekwa mstari wa mbele.

Mwaka 1941 alikuwa sajini katika mji wa Vilnius, nchi ya Lithuania, ambao Wadachi walikuwa wameuteka mwezi wa Juni. Alipewa kuisimamia ofisi moja karibu na stesheni ya reli, iliyowapokea askari waliopotewa na vikosi vyao na kuwarudisha mahali pao. Chini ya ofisi ile palikuwa na karakana za mafundi. Kazi yake ilikuwa ndogo, nayo haikuwa na sifa.

Katika mji ule walikaa Wayahudi maelfu mengi, na sifa ya elimu yao ilikuwa imeenea mbali. Wadachi na wasaidizi wao waliwachukua makundi kwa makundi mpaka msitu wa Ponary, nje ya mji, wakawapiga risasi kando ya mashimo, wanaume, wanawake na watoto. Hayo hayakuwa mapigano, kwa kuwa waliouawa hawakuwa na silaha. Kabla ya mwisho wa mwaka 1941, zaidi ya nusu ya Wayahudi wa Vilnius walikuwa wamekwisha kuuawa. Waliosalia walifungiwa katika mitaa iliyozuiwa, na uhai wao ukategemea karatasi: mwenye cheti cha kazi aliachwa kwa muda, asiye nacho alichukuliwa.

Sajini Schmid hakuweza kuyazuia mauaji yale. Lakini alikuwa na sahihi yake, na muhuri, na malori. Aliwaandika Wayahudi kuwa mafundi katika karakana zake. Wengine aliwatoa gerezani. Wengine aliwaficha nyumbani mwake. Wengine aliwapakia katika malori ya jeshi, akawapeleka miji mingine, kama Lida na Bialystok, ambako wakati ule hatari ilikuwa imepungua. Hakufanya hayo kwa kutaka fedha. Waliosaidiwa naye hukadiriwa kuwa watu 250 hata 300. Mwezi wa Januari 1942 alikamatwa. Tarehe 25 Februari baraza la jeshi lilimhukumu kufa, na tarehe 13 Aprili akauawa kwa risasi na jeshi lake mwenyewe. Katika barua zake za mwisho alimweleza mkewe jinsi alivyojua habari za watu kukusanywa na kuuawa, na jinsi watoto walivyotendwa, na ya kuwa moyo wake haukuweza kuvumilia. Akasema ya kuwa alitenda tu kama mwanadamu, wala hakutaka kumdhuru mtu.

Sasa na tuyapime maneno ya wale watakaomlaumu, kwa maana si maneno ya kupuuzwa.

Wa kwanza atasema: Mtu huyu aliapa, naye alivunja kiapo. Jambo hili si geni katika Kanisa letu. Mwaka 1526 Martin Luther aliandika kijitabu kumjibu askari mmoja mkubwa, Assa von Kram, aliyesumbuliwa na dhamiri yake, akitaka kujua kama askari naye aweza kuokoka. Luther alijibu ya kuwa kazi ya askari yaweza kufanywa kwa imani kama kazi nyingine. Walakini aliongeza ya kuwa askari akijua kwa hakika kwamba bwana wake anatenda uovu, na amche Mungu kuliko kumwogopa mwanadamu. Bali akiwa hana hakika, na atii. Hii ni haki kabisa. Aapaye humwita Mungu kuwa shahidi wake. Je! shahidi huyo atadai kwamba damu ya mtoto imwagwe ili kiapo kitimizwe? Twasoma katika Samweli wa Kwanza, sura ya 22, ya kuwa mfalme Sauli aliwaamuru askari wake wawaue makuhani wa Nobu, nao wakakataa kunyosha mikono. Doegi Mwedomi alitii. Ni nani kati yao aliyekuwa mtumishi mwema wa mfalme?

Wa pili atasema: Kila askari akizipima amri kwa akili yake, hakuna jeshi litakalosimama. Neno hili lina kweli ndani yake. Askari wa chini hajui mashauri ya wakubwa, wala hawezi kuamua kama vita fulani ilikuwa ya lazima. Katika mambo ya namna hiyo utii wake waweza kuwa bila lawama. Lakini mtoto asimamishwaye kando ya shimo si jambo la mashauri ya wakubwa. Kulitambua hilo hakuhitaji chuo, wala ramani, wala cheo. Fundi wa redio alilitambua.

Wa tatu atasema: Alisema uongo, akautumia muhuri wa serikali kwa hila. Naam, alifanya hivyo. Lakini Shifra na Pua, wazalishaji wa Misri, nao walimjibu Farao kwa hila ili watoto waishi, na Maandiko yanasema Mungu aliwatendea mema. Sisemi uongo umekuwa wema. Nasema ya kuwa auombaye ukweli ili aue ameuvunja ukweli kabla ya kujibiwa. Tena wako wasemao, Heri angeliikimbia ofisi ile akaihifadhi nafsi yake. Kama angalikimbia, labda mikono yake ingalikuwa safi. Lakini wale waliohitaji muhuri wake wasingaliupata.

Wa nne atauliza jambo lililo zito kuliko yote: Je! mke wake na binti yake walikuwa na kosa gani? Baada ya kifo chake, majirani walimtukana mjane kwa kuwa mke wa msaliti, na vioo vya madirisha yake vikavunjwa. Mume hana haki ya kuutoa mhanga mkate wa nyumba yake kama kitu kisicho kitu. Hapa sina jibu jepesi, wala Schmid mwenyewe hakuwa nalo. Barua zake ni za mtu aliyeumia kwa ajili ya wale aliowaacha. Wema wa kweli mara nyingi hulipwa na watu ambao hawakuulizwa. Kwa hiyo mtu wa nyumba yake asijitupe hatarini kwa kutafuta sifa. Lakini je, binti yule angalipata baba wa namna gani, kama baba angalirudi salama baada ya kuwafungia mlango watoto wa wengine?

Miaka ikapita. Mwaka 1961, katika mji wa Yerusalemu, Adolf Eichmann alihukumiwa kwa kazi yake ya kuwapeleka Wayahudi wengi sana kwenye kifo. Alijitetea akisema ya kuwa alitii amri. Katika hukumu ile ile alisimama shahidi, Abba Kovner, aliyekuwa Vilnius wakati wa mauaji, akalitaja jina la sajini Schmid. Hannah Arendt, katika kitabu alichokitoa mwaka 1963, ameandika jinsi watu barazani walivyonyamaza kimya. Wawili hawa walikulia Austria, wakaitumikia serikali moja katika vita moja. Mmoja alikuwa na cheo cha kutosha kuuliza, asiulize. Wa pili alikuwa na ofisi ndogo ya reli tu. Basi haiwezekani kusema ya kuwa hapakuwa na njia nyingine. Mwaka 2000 jeshi la Ujerumani liliita kambi moja katika mji wa Rendsburg kwa jina la Schmid, jina la askari aliyeuawa na jeshi la nchi ile ile.

Ndugu waalimu na wazee wa sharika, vijana mnaowafundisha watakwenda, wengine jeshini, wengine polisi, wengine magerezani, wengine katika ofisi zenye mihuri. Wafundisheni utii, maana pasipo utii nyumba haikai wala nchi. Lakini wafundisheni na mpaka wake, tena mapema, kwa kuwa siku amri mbaya itakapotolewa hapatakuwa na nafasi ya kujifunza. Waambieni ya kuwa mjumbe hauawi kwa ajili ya habari aliyopewa. Bali akipewa kijinga cha moto na kuambiwa, Choma nyumba ya jirani, mkono utakaowasha ni wake. Siku ya hesabu kila mtu ataitwa kwa jina lake, wala hataulizwa cheo chake, wala jina la aliyemtuma.

Mungu na atupe utii, na macho ya kuuona mpaka wake.